Pumzi ya Ijumaa

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka 2012, saa nne kasorobo asubuhi, Nahimana alipuliza kwenye kimashine cha ofisi kwa mara ya kumi na moja, na kimashine kikaonyesha kwamba amelewa. Asubuhi ile alikuwa ametia tumboni kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate wa juzi. Pombe alikuwa hajaigusa kwa miezi kumi na moja na siku sita.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndani ya makao ya watoto, kwenye mtaa wenye miti mikubwa pale Morningside. Aliyeshika kimashine alikuwa Belinda, afisa ustawi wa jamii, Mtanzania wa Moshi aliyekuja Durban kusoma na akabaki. Belinda aliitazama namba, akamtazama Nahimana usoni, akaona macho meupe na mikono isiyotetemeka. Akafuta mdomo wa kimashine kwa pamba yenye spiriti.

"Baba Ineza jana alikuwa wapi?" akauliza.

"Jacobs. Iko baa mbele ya kiwanda chao."

"Alikunywa ngapi?"

"Namba ya kweli siijui, Sista. Saa tatu kichwa kilianza kuniuma. Saa tano mlango nikauona miwili. Weka kumi."

Belinda akaandika kumi. Alikuwa na akina mama saba wa namna hiyo kwenye mafaili yake, na kabatini mlikuwa na fomu yao, karatasi ya rangi ya waridi iliyoitwa Tamko la Pumzi ya Mtu Mwingine. Ilikuwa fomu fupi. Mume anajaza jina, siku aliyokunywa na idadi ya chupa, kisha anatia sahihi. Mume akikataa, mkubwa wa jamii yao anaweza kusaini badala yake, mradi awe ameliona jambo lenyewe kwa macho yake na awe na muhuri.

"Ikisainiwa, namba ya leo inafutwa," Belinda alisema. "Isiposainiwa, inabaki. Bado kipimo kimoja, mwisho wa mwezi ujao, halafu tarehe tano mwezi wa saba ndiyo korti. Unajua wanataka kumi na mbili safi."

Nahimana alijua. Kumi na mbili safi, Ineza anarudi nyumbani. Hata moja ikiwa chafu, Ineza anapewa familia nyingine mpaka afike miaka kumi na minane, na ndiyo basi. Vipimo kumi vya mwanzo vilikuwa vikifanyika Jumatano, na Jumatano pumzi yake ilikuwa yake mwenyewe. Mwezi wa tano ofisi ikabadilisha ratiba na kuhamishia Jumamosi. Niyongabo, mumewe, alikuwa mnywaji wa Ijumaa.

Utaratibu wa makao haukumruhusu mzazi mwenye namba kuingia kwa watoto, ya kwake au ya kuazima. Nahimana akasimama nje, kwenye dirisha la chumba cha kuchezea. Ineza, mwenye umri wa miaka sita, akaja upande wa pili, akapanua mdomo na kumwonyesha pengo la meno mawili ya mbele. Nahimana akapanua na wake, kumwonyesha kwamba yeye bado anayo yote. Walikaa hivyo robo saa nzima, kisha mlezi akamwita mtoto akale matunda.

Nahimana akashuka kwa miguu hadi kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, na kusubiri taxi. Alikuwa na hasira, tena hasira safi, ya mtu asiyelewa.

Tuseme kweli hapa mwanzoni, maana wako watakaodhani mwanamke huyu anatafuta wa kumtupia mzigo. Nahimana alikuwa mlevi. Alikuwa mtu wa chupa ndogo ndogo zinazokaa vizuri ndani ya soksi. Alikuwa akisuka nywele kwenye kibanda karibu na stesheni, na wateja walianza kugundua kwamba mistari ya kichwa inayoanza imenyooka asubuhi inapinda ikifika saa tisa. Siku moja, mwaka mmoja nyuma, alilala sakafuni huku maharage yakiwa jikoni. Maharage yakaungua, moshi ukajaa, na Ineza akatoka na mfuniko wa sufuria mkononi, akatembea hadi barabara kubwa ya Cato Manor, akasimama kwenye robot pamoja na wanaouza machungwa. Dereva wa taxi ndiye aliyempeleka polisi. Ilikuwa Jumanne. Niyongabo hakunywa Jumanne hata mara moja katika maisha yake. Ile ya Jumanne ilikuwa ya Nahimana mwenyewe, na kila alipoulizwa alijibu hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Za Ijumaa ndizo hazikuwa zake. Hizo zilianza siku ya harusi, Makamba, Burundi, mwaka 2005. Waliwekewa mtungi wa pombe ya ndizi miguuni, wakapewa mrija mmoja wa tete, wakanywa kwa zamu huku wazee wakipiga makofi, kama walivyofanya wazazi wao na wazazi wa wazazi wao. Tangu hapo alichokunywa Niyongabo kilimshukia Niyongabo tumboni na kupanda kichwani kwa Nahimana. Mwanamume aliweza kumaliza kreti nzima akarudi nyumbani ananyoosha mguu kama askari wa gwaride. Watu walimsifu sana kwa hilo. Kiwandani kwao, walikoshona magodoro, walimwita Chuma.

*

Kikundi cha akina mama kilikutana Jumatano alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa dogo pale Cato Manor, wakiwa saba, mara nyingine tisa. Mkubwa wao hakuwa wa kanisa hilo wala la lingine lolote. Alikuwa Kulthumu wa Tanga, Mwislamu, mjane, muuza viungo, ambaye kwa miaka minane alikunywa konyagi ndani ya chupa ya chai, na iliki nyingi juu yake kuficha harufu. Sasa alikuwa na miaka sita mikavu. Watu wakimpa pole kwa hiyo miaka minane aliwaambia wampe sukari.

Njia yao ya kufanya kazi ilikuwa kusukana. Kiu ya pombe hupanda saa kumi na moja jioni, saa ambayo mtu amechoka na chakula bado, na kiu hiyo, wakiijua wao, hukaa saa mbili tu. Kwa hiyo anayeshikwa anapiga simu moja, na mwenzake wa zamu anakuja na kitana. Anakukalisha chini katikati ya magoti yake na kuanza kukusuka, mistari midogo midogo ya kuchukua muda, na huwezi kuinuka kwenda popote na nusu kichwa. Mistari ikiisha, na saa ya kiu imepita. Ukimwona mama wa kikundi mtaani unamsoma kichwa na kujua wiki yake imekwendaje. Mwezi wa kwanza Nahimana alisukwa kila siku, akafumuliwa asubuhi, akasukwa tena, mpaka ngozi ya kichwa ikawa inawaka. Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata alikuwa akitembea na nywele zake wazi, amezichana tu, na wenzake walizitazama kwa wivu mzuri.

Jumatano ile aliwawekea karatasi ya waridi juu ya meza.

"Umemuonyesha?" Kulthumu aliuliza.

"Nilimuonyesha. Amekataa."

Aliwasimulia ilivyokuwa. Niyongabo aliisoma fomu mara mbili, akairudisha mezani taratibu, maana hakuwa mtu wa makelele. "Mama Ineza, mimi siwezi kuweka jina yangu kwenye papier ya kusema mimi ni mlevi," alimwambia. "Wewe siku gani umeniona mimi nimelewa?" Nahimana alifikiri, akakosa siku. "Wewe unakunywa na mimi ndiyo nalewa," alimjibu. Niyongabo akasema hayo ni mambo ya Mungu, na kwamba mwanaume anayefanya kazi juma zima hawezi kukaa na wenzake Ijumaa akishika Fanta kama mtoto wa komunyo. Kisha akamuuliza, kwa huruma kabisa, kama kichwa kimepona.

"Na mtoto je? Hamtaki mtoto?" Kulthumu alisema.

"Anamtaka. Analia usiku. Lakini ile papier hapana."

Antoinette, Mrundi mwingine wa kikundi, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, akasema mambo ni rahisi. Waende kwa Mzee Juvénal. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Warundi wa Cato Manor, alikuwa na muhuri, na neno lake Niyongabo hawezi kulipita. "Lakini hatuwezi kwenda mikono mitupu," akaongeza. "Ombi kama hili linapelekwa na bia. Kreti."

Kulthumu akaweka kikombe chake chini.

"Ngoja nikuelewe vizuri, shoga yangu. Sisi walevi saba tulioacha tubebe kreti ya bia, tukamwombe mzee amwambie mwanamume asinywe?"

"Ndiyo."

"Pelekeni soda."

"Soda iko ya watoto. Ukipeleka ombi na soda, mzee anakunywa soda anakushukuru, na ombi yako inabaki kwako. Hajaiona."

Warundi wote wanne wakatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na ubishi katika jambo hilo. Kwao mtoto akizaliwa ni bia, akiposwa ni bia, shamba likigombewa ni bia, na wagombanao wakipatana wanapatania kwenye bia. Kulthumu akawatazama mmoja mmoja, akasema jamani mna kazi, akavaa viatu vyake. Walichangishana siku ile ile.

Kwenda kununua ilikuwa shughuli. Duka la bia lilikuwa na ubaridi mzuri na taa za kijani, na akina mama waliingia wameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Kulthumu ndiye aliyelipa, naye ndiye aliyepakata kreti kwenye taxi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na miaka mikavu mingi zaidi. Chupa zikagongana njia nzima. Dereva akauliza kwa Kizulu kuna sherehe gani, mbona hawajamwalika. Antoinette akamjibu kwamba wanaenda kumwachisha mtu pombe. Dereva akasema sharp, yaani safi.

*

Mzee Juvénal aliwapokea Jumapili baada ya misa, sebuleni kwake, akiwa na wazee wenzake watatu kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Niyongabo alikuwa ameitwa, akakaa karibu na mlango, mgongo wima, amevaa koti. Akina mama walikaa kwenye mkeka. Kreti ikawekwa katikati, na kifungulio juu yake. Mama Agathe, mke wa mzee, alisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la glasi.

Nahimana akaeleza ombi lake kwa sauti isiyoyumba. Alisema mtoto wake yuko Morningside na meno mawili yameng'oka yeye hayupo. Alisema alikunywa, na kwa kunywa kwake amelipa na angali analipa, lakini pumzi ya Ijumaa si yake. Alisema anataka vitu viwili: sahihi kwenye karatasi hii, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu Baba Ineza apumzike.

Wazee walisikiliza vizuri. Mzee Juvénal akasema maneno ameyasikia, na sasa kama ilivyo desturi ombi lifunguliwe. Hapo ndipo wote walipokumbuka jambo ambalo Warundi wanne wenye akili timamu, kwa siku nne za maandalizi, hakuna aliyelikumbuka: aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza. Anakunywa mbele ya watu ili wote waone haina sumu. Asipoonja, haifunguliwi. Isipofunguliwa, hakuna ombi.

Kreti ikatazamwa. Saa nane ikawa saa tisa. Siku ile ilikuwa na jua kali kwa majira ya baridi, na jasho la chupa lilikuwa likitiririka na kulowesha kapeti. Mzee mmoja akalamba midomo. Kulthumu alimnong'oneza Nahimana kwamba nyumbani kwao Tanga jambo hili lingekwisha kwa halua, lakini tayari alikuwa ametoa kitana kwenye mkoba, kwa sababu alimwona mwenzake anavyoitazama ile kreti. Miezi kumi na moja si ukuta. Nahimana alikuwa na kiu, kiu ya kweli, koo limekauka hadi chini, na kama kuna aliyeijua kiu hiyo sebuleni mle ni wale sita waliokaa naye kwenye mkeka.

Akashika mkono wa Kulthumu uliokuwa na kitana, akaurudisha chini.

"Mzee," akasema, "Baba Ineza aonje kwa niaba yangu. Itafika tu."

Mzee Juvénal alifikiri. Alikuwa mtu wa haki na hakupenda kuharakishwa. Hatimaye akasema kwamba desturi inataka aliyeleta aonje, lakini haijataja mdomo. Wazee wenzake wakakubaliana naye haraka kidogo kuliko kawaida yao.

Niyongabo akainuka, akafungua chupa moja, akainywa akiwa amesimama, yote, akaiweka chini. Nahimana alikuwa amekaa na mikono mapajani. Masikio yake yakawa mekundu, macho yakalegea, na harufu ya bia ikatoka kwake ikasambaa sebuleni. Kulthumu akafungua kopo la biskuti alimokuwa akitunzia kimashine cha kikundi. Nahimana akapuliza, namba ikapanda. Niyongabo akapuliza, kimashine kikaonyesha sifuri, na sifuri mbili baada ya nukta. Kikapitishwa kwa wazee, kila mmoja akakisoma kwa miwani yake.

"Tangu lini?" Mzee Juvénal aliuliza.

"Tangu mrija wa harusi," Nahimana alisema.

"Ndiyo. Huwa ni hapo." Akarudisha miwani mfukoni. "Mama yangu mzazi, kule mkoa wa Ngozi, hakugusa pombe hata siku moja. Na kila jioni baba akirudi alikuwa analala kabla ya kuku. Tulikuwa tunasema mama ni mvivu. Alikufa na ugonjwa wa ini."

Mzee wa pili akasema wa kwao pia. Wa tatu akasema dada yake, huko Rutana. Waliyazungumza kwa utulivu, kama watu wanaokumbushana mvua za mwaka fulani. Kisha Mzee Juvénal akaomba kalamu. Akajaza fomu kwa mwandiko mzuri wa seminari, akaandika chupa kumi, akasaini, akaupulizia muhuri pumzi mara mbili, akaugonga. Akamgeukia Niyongabo.

"Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu utakuja hapa kwangu, tutacheza karata na chai. Mpaka juge wa korti amalize."

"Sawa, Mzee."

"Baadaye ni mambo yako. Siwezi kumkataza mwanaume kukaa na wanaume."

Nahimana alikuwa akiisikia ile chupa kichwani bado, lakini akauliza. "Kwa nini huwezi, Mzee?"

Mzee Juvénal alitaka kujibu kwa haki, akatafuta jibu, na alipokuwa akilitafuta mzee wa pili akamkabidhi chupa iliyofunguliwa, maana ombi lilikuwa limekwisha kuonjwa na kupokelewa. Akanywa funda la kwanza, la heshima. Mlangoni mwa jikoni glasi zikaanza kulia kwenye sinia. Mama Agathe alikuwa ameegemea fremu, amefumba macho. Antoinette akaenda kumpokea sinia, akamshika kiuno, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kulthumu akafuata na kitana chake, akakaa nyuma ya yule bibi wa miaka sitini na nane, akamuuliza anapenda mtindo gani.

"Wowote ule," Mama Agathe alisema. "Leo iko kreti nzima."

*

Niyongabo alitimiza neno lake. Ijumaa ile alicheza karata na chai ya tangawizi hadi saa nne, akarudi na kulala, na Nahimana naye akalala, usingizi mmoja mzito wa kitoto, na Jumamosi akapuliza sifuri Morningside. Belinda aliibandika fomu ya waridi kwenye faili na kusema safi.

Tarehe tano hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua. Alisoma faili lote ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye fomu ya waridi alikagua muhuri tu, akapindua. Belinda alikuwa akitafsiri. Hakimu akasema vipimo kumi na mbili vimekubalika, mtoto arudi kwa mama, na kwa miaka miwili ijayo mama ataendelea kupimwa kila mwezi, Jumamosi. Kila namba iletwe na fomu yake.

Nahimana akanyoosha mkono. Alikuwa amesuka nywele zake mwenyewe asubuhi ile, mistari sita, si kwa sababu ya kiu. Alitaka tu kupendeza.

"Na baba yake mtoto mbona hapimwi?"

Belinda akatafsiri. Hakimu akapenga kamasi, akatafuta mahali kwenye faili ambapo baba angeandikwa, akapaona ni patupu, akamtazama Nahimana moja kwa moja. Halikuwa jicho baya.

"Tukimpima atatoa sifuri, mama."

"Najua," Nahimana alisema. "Nataka iandikwe kwamba nimeuliza."

Hakimu akaandika.

Jumamosi iliyofuata Ineza alirudi Cato Manor na begi la nguo, mdoli asiye na mkono, na jino moja jipya lililoanza kuchungulia. Aliishika sketi ya mama yake tangu asubuhi hadi mchana bila kuiachia, hata chooni. Nahimana alipika maharage. Aliyapika kwa moto mdogo, amesimama hapo hapo, na hayakuungua. Alilia kidogo juu ya sufuria, akafuta uso kwa kanga, akaonja chumvi.

Mtoto akirudi nyumbani ni bia. Majirani na wafanyakazi wenza wa Niyongabo walikuja na kreti zao, wakakaa uani kwenye viti vya plastiki, na Chuma alikuwa katikati yao mwenye furaha kuliko wote, machozi yanamlengalenga, anamshukuru Mungu. Alimwita Ineza akamweka begani ili kila mtu amwone. Alikuwa baba mzuri. Akafungua ya kwanza saa nane na nusu.

Nahimana alikwisha kujiandaa. Mkeka ulitandikwa ndani, vitana vilipangwa, na kikundi kizima kilikuwepo, na Mama Agathe naye aliyekuwa akija Jumatano tangu siku ya kreti. Nahimana alikaa katikati ya magoti ya Kulthumu. Mama Agathe akakaa kwenye ya Antoinette. Waliongea habari za bei ya vitunguu na mhubiri mpya mwenye viatu vyekundu, wakacheka, na kila baada ya muda mmoja wao alinyamaza, akafumba macho, akangoja ipite. Saa tisa na robo kichwa cha Nahimana kilikuwa kimesukwa upande wa kushoto tu.

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Ineza kwenye ngazi ya nje, na mtoto wa jirani, kivulana cha miaka saba. Walikuwa na chupa moja ya Fanta katikati yao, na mrija mmoja. Kivulana kilivuta, kikaupangusa mrija kwa kidole kiungwana kabisa, kikaupeleka mdomoni kwa Ineza.

Nahimana akainuka. Kulthumu alitaka kumrudisha, kisha akaona anachokiona mwenzake, akaachia nywele. Nahimana alitembea polepole kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji, huku sakafu ikimkwepa kidogo upande wa kulia, mpaka jikoni, akachukua Fanta ya pili na pakiti ya mirija mia moja aliyoinunua Ijumaa. Akatoka hadi kwenye ngazi. Akamtoa Ineza ule mrija mdomoni kabla hajavuta, akaurudisha kwenye chupa ya yule mtoto. Akafungua ya pili kwa meno, akatia mrija mpya, akampa binti yake.

"Mama, tulikuwa tunapokezana," Ineza alisema.

"Niliona. Shika wako."

"Na kesho?"

"Na kesho wako. Iko mingi."

Ineza akatazama pakiti, akaona kweli ni mingi, akaanza kunywa. Nahimana akangoja mpaka alipohakikisha mtoto ameinywa mwenyewe hadi nusu, akarudi ndani akakaa kwenye mkeka, na Kulthumu akaendelea pale alipoishia, upande wa kulia, juu ya sikio. Uani wanaume wakafungua nyingine. Nahimana akaisikia inafika, akamwambia Kulthumu akaze kidogo.